Hadithi na Moyo wa Mtoto: Maswali Ambayo Wazazi Huniuliza Mara kwa Mara

Nimefundisha chekechea Temeke kwa miaka mingi, na kila Jumamosi jioni nakaa barazani na watoto wa mtaani kwetu, tunasimuliana hadithi mpaka adhana ya magharibi. Wazazi wanaokuja kuwachukua hawakosi swali. Mmoja atauliza akiwa na ndoo ya maji kichwani, mwingine atanitumia ujumbe wa sauti saa tano usiku, mtoto kalala, yeye bado roho juu. Yanayojirudia nimeyakusanya hapa, na majibu ni yale yale ninayoyatoa pale barazani.

Hadithi si ya kumlaza mtoto tu? Inahusiana vipi na hasira au huzuni yake?

Mtoto wa miaka mitatu akikasirika hajui kwamba kilichompata kinaitwa hasira. Anachosikia ni kifua kubana, uso kuwaka moto, na mikono inayotaka kurusha chochote kilicho karibu. Ukimuuliza "Una nini wewe?" atazidi kulia, kwa sababu unamtaka ajichungulie kwa ndani, kazi inayotushinda hata sisi wakubwa. Lakini msimulie habari za Kobe aliyejiingiza gambani akagoma kutoka siku nzima, kisha umuulize Kobe ana nini. Atajibu hapo hapo: "Kanuna." Keshalitaja. Mambo ya Kobe anaweza kuyasema yote, maana si yeye anayesemwa.

Na kutaja kuna kazi yake mwilini. Mwaka 2007 mtafiti Matthew Lieberman na wenzake, huko Los Angeles, Marekani, walipima ubongo wa watu wazima wakiwa wanatazama picha za nyuso zenye hasira na hofu. Mtu alipoitaja kwa neno hisia aliyoiona, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, amigdala, ilipunguza kelele. Hao walikuwa watu wazima, lakini mzazi yeyote aliyewahi kumwambia mtoto "Umeudhika, mwenzako kakunyang'anya mpira wako" akaona mabega yanashuka, ameliona jambo hilo kwa macho yake. Uingereza nako, mwaka 1991, Judy Dunn na wenzake walichapisha utafiti wa familia ambazo walizifuata kwa muda mrefu: watoto waliozungumzishwa zaidi kuhusu hisia walipokuwa na miaka mitatu walikuwa wepesi zaidi wa kutambua hisia za watu wengine walipofika miaka sita. Hadithi ni njia ya kuzungumzisha ambayo haigharimu chochote, na kwetu ipo tangu zamani.

Nikimruhusu akasirike, si atakuwa jeuri?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, hasa na kina baba, na nalielewa. Sisi tumelelewa na methali "Hasira hasara". Nami naikubali. Ila itazame vizuri: hasara anayoizungumzia mhenga huja pale hasira inaposhika usukani. Aliyevunja sahani kapata hasara. Aliyesema "Nina hasira, naomba nikae nje kidogo" hajavunja kitu.

Kwa hiyo nyumbani kwangu nilikuwa na sheria moja, na watoto waliijua: kukasirika ruksa, kupiga marufuku. Ukimkataza mtoto kupiga, anaweza kutii. Ukimkataza kukasirika, atakachoweza ni kuificha tu, na hasira iliyofichwa huota kinyongo. Nimewaona watoto wapole mno darasani, wa "ndiyo mwalimu" siku nzima, ambao jioni walikuwa wanamtesa paka.

Nianze akiwa na umri gani?

Anza sasa hivi, umri wowote alionao. Wa miaka miwili anataka hadithi ya sentensi tano: mbuzi kapotea, mbuzi kalia, mama mbuzi kaja. Ukifanya sauti na uso, anakuelewa. Kuanzia miaka minne hivi watoto wengi huanza kutambua kwamba mwenzao anaweza kuwa anawaza kitu tofauti na wao, na hapo Sungura anayemdanganya Fisi anakuwa na maana mpya kabisa, maana sasa mtoto anaona kwamba Fisi hajui anachokijua Sungura. Wa miaka minane na kuendelea msimulie mambo ya mioyo miwili: msichana anayefurahi kuhamia Kigamboni kwenye nyumba yao wenyewe, na papo hapo analia kuwaacha rafiki zake wa Tandika. Kabla ya umri huo wengi hukwambia haiwezekani kufurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja.

Lazima hadithi iwe na funzo?

Hapana, na hapa ndipo ninapokosana na walimu wenzangu wengi. Tumezoea kumalizia: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto wanajibu kwa pamoja: "Tuwe na adabu!" Wanaijua hiyo nyimbo. Wangeijibu hata kama hawakusikiliza.

Acha nieleze kilichonifanya niache kuuliza hivyo.

Aliletwa kwangu mtoto wa kiume wa miaka mitano ambaye sifa zake zilitangulia. Nyumbani kulikuwa na kichanga cha mwezi mmoja, na mara mbili alikutwa anakifinya. Mama alikuwa hoi, baba alishatumia fimbo. Jumamosi ile sikumsema. Nilipiga "Paukwa!", wakaitikia "Pakawa!", nikasimulia hivi:

Palikuwa na kuku na kifaranga wake mmoja. Kila usiku kifaranga alilala chini ya bawa la kushoto, pale penye joto zaidi. Siku moja kuku akataga mayai saba, akaanza kuatamia. Jioni kifaranga akaja kulala, chini ya bawa la kushoto akakuta yai. Akazunguka la kulia, yai. Akasukuma kwa kichwa. Kuku akamdonoa: "Taratibu, utavunja!" Kifaranga akaondoka, akaenda kukaa peke yake nyuma ya kinu.

Nikanyamaza hapo. Kisha nikauliza: "Kifaranga, kule nyuma ya kinu, moyo wake ukoje?"

Mmoja akasema kasusa. Mwingine akasema anasikia baridi. Yule mtoto alikuwa anachora mchangani kwa kidole cha mguu. Akasema bila kuinua uso: "Anataka mayai yote yawe viza."

Wenzake waliguna. Ningeweza kumkemea. Nikamwambia: "Ndiyo. Anatamani yawe viza. Ana wivu, na wivu unauma. Sasa usiku ni mrefu kule nyuma ya kinu. Anafanyaje?"

Alikaa kimya kwa muda. "Anamwita mama yake. Anamwambia, nisogezee kidogo."

"Mama akasogea?"

"Akasogea. Lakini kidogo."

Nikaishia hapo hapo, sikuongeza neno. Kama ningesema "hadithi hii inatufundisha tuwapende wadogo zetu", ningekuwa nimeufunga mlango alioufungua mwenyewe. Kufinya hakukwisha siku ile. Ila wiki iliyofuata mama yake alinisimamisha njiani akaniambia kwamba usiku mmoja, wakati ananyonyesha, mtoto alikuja akasimama pembeni ya kitanda akamwambia: "Mama, nisogezee kidogo." Akasogea.

Kwa hiyo badala ya kuuliza funzo, uliza moyo. "Hapo alijisikiaje?" "Mwilini mwake aliisikia wapi?" "Wewe ungekuwa yeye ungetamani nini?" Na jibu lolote likija, hata baya kama lile la mayai, lipokee kwanza. Mtoto anakupima kama una kifua cha kulibeba.

Maneno ninayoyajua ni hasira, huzuni na furaha tu. Yanatosha?

Unayajua mengi zaidi ya hayo, ni vile tu huyatumii na mtoto. Kiswahili kina utajiri mkubwa hapa. Kununa ni kuvuta mdomo ukakataa kusema. Kususa ni kununa na kugoma juu yake, na akizira ndiyo kakataa hata chakula. Kinyongo ni hasira iliyolala moyoni siku nyingi. Wivu ni ule wa kifaranga, kuogopa kwamba nafasi yako imechukuliwa, na kijicho ni kuumia kwa sababu mwenzako anacho. Haya ni ile inayomfanya mtoto ajifiche nyuma ya kanga ya mama mgeni akija, na aibu ni ile inayochoma baada ya kuchekwa mbele ya watu. Mtoto mwenye haya mwache azoee taratibu, mwenye aibu anahitaji kufunikwa. Ukiyachanganya hayo mawili unaweza kumsukuma mbele ya wageni mtoto aliyepaswa kukumbatiwa.

Halafu kuna wasiwasi, upweke, hamu, fadhaa, majuto. Na kuna misemo yetu ya mwili, ambayo watoto wanaipenda mno: tumbo joto, roho juu, donge kooni, moyo kwenda mbio, damu kuchemka. Mtoto asiyejua neno "wasiwasi" atakuelewa mara moja ukimwambia Sungura alikaa tumbo joto akimsubiri Simba arudi. Chomeka neno moja jipya katika kila hadithi, usifanye darasa. Baada ya miezi michache utalisikia likirudi kutoka kinywani mwake.

Kagaragara chini katikati ya Kariakoo. Nimsimulie hadithi pale pale?

Hapana. Wakati huo hadithi ni kelele juu ya kelele. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu amevuka miaka ishirini, na kwa mtoto mdogo mwenye ghadhabu ni kama imezimwa. Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane. Sema kidogo, kwa sauti ya chini: "Umekasirika. Ulilitaka lile gari. Leo hatulinunui. Mimi nipo." Halafu subiri.

Najua kinachowashinda wengi si mtoto, ni watu. Machinga anatazama, mama wa pembeni anasema "mchape huyo". Hao wote watakuwa wameshasahau kabla hujafika kituo cha mwendokasi.

Hadithi ni ya usiku, mkishakula na kuoga. "Leo mjini nilimwona tumbili mdogo, kaona embe juu ya genge..." Atajua ni yeye. Mwache ajifanye hajui.

Dada wa nyumbani anawasimulia mazimwi na mumiani. Nimkataze?

Inategemea zimwi linafanya kazi gani. Zimwi la ndani ya hadithi, lenye mwanzo na mwisho, ambalo mtoto mdogo analishinda kwa akili, ni zawadi. Mtoto anaogopa akiwa amekaa mapajani mwa mtu anayemwamini, na mwishoni anagundua kwamba hofu ina mwisho. Wahenga walisema "Zimwi likujualo halikuli likakwisha", na mtoto naye akishalijua zimwi, jina lake na ujinga wake, halimtishi kama mwanzo.

Zimwi la kutishia ni jambo jingine kabisa. "Usipolala mumiani atakuchukua." "Ukilia namwita polisi." "Nyamaza, daktari atakudunga sindano." Hapo hakuna hadithi, hakuna mwisho, na hakuna anayeshinda. Halafu siku mtoto anaumwa kweli unamburuza zahanati akipiga mayowe, na siku amepotea sokoni anamkimbia askari ambaye angemsaidia. Hilo likataze kwa nguvu zote. Zungumza na dada kwa heshima, maana yaelekea naye alitishwa hivyo hivyo alipokuwa mdogo, kisha muombe akusimulie hadithi za kwao. Wengi wao wametoka mikoani na hazina ambazo sisi wa mjini tumezipoteza.

Bibi yake amefariki. Tumemwambia amesafiri. Tulikosea?

Nami nilikosea hivyo hivyo, na kwa mwanangu wa kumzaa. Mama yangu alipofariki mwanangu alikuwa na miaka minne. Sikuwa na nguvu ya kulia na kueleza kwa wakati mmoja, nikasema bibi amesafiri. Wakati huo stendi ya mabasi ya mikoani ilikuwa bado Ubungo. Kila daladala yetu ilipopita pale, mtoto alikuwa anapiga magoti kwenye siti na kubandika uso dirishani, akiwatazama kina mama waliobeba mabegi. Mimi nikidhani anapenda mabasi. Ilichukua miezi kabla hajaniuliza: "Mama, bibi haipendi tena nyumba yetu?"

Alikuwa amejibebesha kosa. Aliona bibi ameondoka bila kuaga na hataki kurudi, na mtoto wa umri ule akikosa sababu hujitafuta mwenyewe.

Watoto wengi walio chini ya miaka mitano mpaka saba bado hawajaelewa kwamba kifo hakina kurudi. Ukisema "amesafiri" watasubiri. Ukisema "amelala" wanaweza kuogopa kulala. Tumia neno lenyewe, kwa upole: "Bibi amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi, haupumui, hausikii maumivu. Hawezi kurudi. Si kwa sababu ya jambo lolote ulilofanya." Juu ya hayo weka imani yenu, ni mahali pake. Halafu simulia hadithi za bibi mwenyewe: alivyokuwa anapepeta mchele, alivyokuwa anamwita mjukuu "mume wangu". Watoto huhuzunika vipande vipande, atalia dakika tano kisha akimbilie mpira. Usidhani kasahau. Na mkiwa bado mnamdanganya, msimsubiri auonee ukweli msibani kwa mtu mwingine. Mkalisheni jioni hii mumwambie.

Dini inatufundisha subira. Kumwacha mtoto ahuzunike si kinyume?

Kisa cha Nabii Yakubu na mwanawe Yusufu kinasimuliwa misikitini na makanisani, na sijui kisa bora kuliko hicho kwa kazi hii. Ndugu wanashikwa na wivu kwa sababu baba ana kipenzi chake. Wanamfanyia mdogo wao ubaya, wanarudi na nguo yenye damu na uongo. Baba analia miaka na miaka, na hakuna anayesema kwamba Yakubu hakuwa na subira au imani. Mle ndani kuna wivu, woga wa mtoto aliye shimoni peke yake, majuto, upweke wa ugenini, na mwishoni Yusufu mwenyewe, mtu mkubwa mwenye cheo, analia kwa kuwaona ndugu zake.

Msimulie kwa mafungu, usiku tatu au nne. Simama pale shimoni. Muulize Yusufu anasikia nini kule chini.

Vipi kuhusu wa kiume? Baba yake hataki alie.

Mwambie baba kwamba machozi hayajui jinsia, na kwamba mtoto akikatazwa huzuni mara nyingi anabaki na hasira peke yake, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoruhusiwa kwa wanaume. Kama baba hapendi kusema mambo ya moyo, mpe hadithi asimulie yeye. Mtoto wa kiume akimsikia baba yake akisema "Simba aliogopa, akatetemeka, akalia", amepata ruhusa ambayo mama hawezi kumpa.

Natoka Posta saa mbili, foleni, nafika Mbagala saa tatu unusu. Nitasimulia saa ngapi?

Huhitaji saa nzima. Dakika tano gizani kabla hajasinzia zinatosha, na kama kalala unazo za asubuhi, wakati unamvalisha viatu. Umeme ukikatika ndiyo kabisa, ile ni saa ya hadithi iliyoletwa mlangoni. Likizo ukiwa unamsuka binti yako, kichwa kiko mapajani na hawezi kukimbia, una saa mbili mbele yako. Siku za wiki mkabidhi kazi hiyo bibi, kaka mkubwa, au dada wa nyumbani, wewe uchukue Jumapili. Hadithi moja inaweza kurudiwa mwezi mzima. Mtoto akisema "ile ya jana" usimpe mpya, kuna kitu hajamalizana nacho.

Katuni za Kiswahili kwenye simu hazitoshi?

Zipo nzuri, na kuna zinazotengenezwa hapa hapa Dar. Lakini simu haimwoni mtoto. Haijui kwamba ameacha kutafuna, haisimami kumuuliza. Mkitazama pamoja na ukabonyeza kusimamisha mara moja tu, ukauliza "huyu kanyamaza, kwa nini?", hiyo sasa ni hadithi. Akiachiwa simu peke yake ili anyamaze, anachojifunza ni kwamba kila akiudhika kuna kioo cha kutazama.

Mwanangu anasoma shule ya Kiingereza. Hisia zake anazitaja kwa Kiingereza tu.

Mpe na za Kiswahili, tena kwa wingi. Hasira yake ataisikia nyumbani, kwa bibi, mtaani akicheza rede na kombolela, na huko ndiko atakakohitaji neno ambalo mwenzake atalielewa. Isitoshe, hakuna neno la shuleni litakalomfikishia ladha ya "kususa". Usimcheke akichanganya.

Hataki kujibu chochote ninapouliza.

Acha kuuliza. Simulia tu, kisha kaa kimya naye. Wengine hujibu baada ya siku tatu, wakiwa chooni.

Vitabu nitavipata wapi?

Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967, ina sehemu ya watoto, na Jumamosi moja pale inamtosha mtoto kwa wiki. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umesaidia kuchapishwa kwa vitabu vingi vya Kiswahili vilivyoandikwa na Watanzania, vitafute. Mtandaoni kuna tovuti ya African Storybook yenye hadithi za picha za Kiswahili, unasoma bure. Ila usisubiri kitabu. Kifaranga wangu hakutoka kitabuni.

Nitajuaje kwamba hadithi hazitoshi?

Ukiona mambo haya yanaendelea wiki kadhaa: halali, hali, amerudi kukojoa kitandani wakati alishaacha, anajiumiza, hataki tena michezo aliyoipenda, au anaogopa mtu fulani au mahali fulani bila kueleza. Nenda kituo cha afya uulizie huduma ya afya ya akili. Muhimbili wanayo idara yake. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako naye ni mtu wa kumfuata, haumlipi.

Na ikiwa katikati ya hadithi mtoto anakwambia kwamba na yeye aliguswa kama yule kwenye hadithi, au anapigwa, acha hadithi hapo hapo. Usimhoji kama polisi, usimwahidi kutunza siri. Mwambie "Nakuamini, umefanya vizuri kuniambia, kosa si lako." Kisha piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwananchi mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa. Familia zikikwambia myamalize nyumbani, usikubali.

Nimsimulie na mambo yaliyonitokea mimi nikiwa mdogo?

Msimulie, mradi liwe jambo ambalo wewe mwenyewe ulishalivuka. Lililo bichi bado, lipeleke kwa mtu mzima mwenzako kwanza, mtoto asigeuzwe kuwa mbebaji wako.

Baba mmoja hapa mtaani, fundi seremala, alikuja kwa sababu binti yake wa miaka sita akisikia mvua juu ya bati anaingia uvunguni. Nikamuuliza yeye mvua aliionaje utotoni. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Walikuwa wanakaa bondeni, Msimbazi. Desemba 2011 mafuriko yalipokuja, usiku mmoja walipanda juu ya paa na wakakaa huko mpaka kulipokucha. Baadaye familia yao ikawa miongoni mwa zilizohamishiwa Mabwepande. Hakuwahi kumwambia binti yake hata neno moja.

Akaenda kumsimulia. Jinsi maji yalivyokuwa meusi, jinsi alivyokumbatia jogoo wao ili asisombwe, jinsi meno yalivyokuwa yanagongana kwa woga ingawa alikuwa kijana mkubwa. Na jinsi jua lilivyochomoza. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akiwa bado uvunguni, kichwa tu ndiyo kimetokeza. Swali lake lilikuwa moja.

"Na jogoo, alikuwa anatetemeka?"

"Sana," baba akamwambia. "Nilikuwa namsikia moyo wake hapa." Akamwonyesha mahali kifuani. Binti akatoka uvunguni akaja kuweka mkono pale.